Namna ya kugawana gharama za mfereji na ndiva ili maji yafike hadi chini

Katika milima ya Upare, Tanzania, maji ya kijito huingizwa kwenye mfereji wa udongo, hukusanywa usiku ndani ya ndiva (bwawa dogo la kuhifadhi maji), na asubuhi tundu hufunguliwa wenye zamu wamwagilie. Utaratibu huu ulikuwapo kabla ya ukoloni. Siku hizi unakwama zaidi kwenye michango: wenye mashamba ya chini wanadaiwa sawa na wa juu, ilhali maji huwafikia yamepungua sana. Mwaka wa pili hawalipi, wa tatu hawaji kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kutengeneza mfereji na ndiva.

Kwa hiyo anzeni kwa kupima. Chagueni kipande cha mfereji kilichonyooka chenye urefu wa mita 10, mwachilie kijiti kikavu juu ya maji, mhesabu sekunde. Rudieni mara tatu mchukue wastani. Zidisheni upana kwa kina kwa kasi (mita 10 zikigawanywa kwa sekunde hizo), kisha kwa 0.8, kwa sababu maji ya chini na ya kingoni huenda polepole kuliko ya juu. Mfereji wenye upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 20, kijiti kikitumia sekunde 25, unapitisha takriban lita 25 kwa sekunde. Pimeni karibu na ndiva, kisha kwenye shamba la mwisho, tundu likiwa wazi vilevile. Kule chini mkipata lita 15, saa moja ya mtu wa chini ina thamani ya 0.6 ya saa ya mtu wa juu.

Sasa hesabu ya fedha. Tuseme matumizi ya mwaka ni shilingi 1,800,000: posho ya mgawa maji, saruji, na ada ya kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde (msiisahau hii, kibali kinatakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009). Zamu za wiki ni saa 36, nusu juu na nusu chini. Saa 18 za juu zinabaki 18; saa 18 za chini zinakuwa 10.8. Jumla ni 28.8. Gawanyeni: saa ya juu italipiwa 62,500 kwa mwaka, ya chini 37,500. Wa juu watalalamika. Waonyesheni vipimo, tena pimeni mbele yao. Mkiziba mianya na upotevu ukapungua, pimeni upya na bei zisogeleane. Hapo mtu wa chini ana sababu ya kuja kuziba.

Kusanyeni mara baada ya mavuno, mtu akiwa na fedha mkononi. Risiti itolewe kwa kila malipo, na daftari lisomwe mkutanoni mbele ya wote.

Msaragambo uhesabiwe kwa namna hiyohiyo: mwenye saa nyingi atoe siku nyingi. Asiyefika alipe ujira wa kibarua wa siku ile kijijini kabla ya zamu yake inayofuata. Faini ikiwa chini ya ujira huo, wenye uwezo watalipa faini na kubaki nyumbani, na tope litabaki ndani ya ndiva. Wazee na wagonjwa wapewe kazi nyepesi au wasamehewe kwa uamuzi wa mkutano, na uamuzi uandikwe.

Tope lenyewe lina gharama inayopimika. Ndiva ya mita 20 kwa 15 yenye kina cha mita 1.5 inabeba mita za ujazo 450. Tope la sentimita 30 likitanda chini linachukua 90, yaani moja ya tano ya maji ya kila asubuhi. Zoeni kabla ya msimu, mlimwage mbali na ukingo, la sivyo mvua italirudisha.

Akiba iwe na mfuko wake. Lango la chuma la shilingi 600,000 linalotarajiwa kudumu miaka 10 linahitaji 60,000 kila mwaka, zikiongezwa kwenye bajeti na zisiguswe kwa posho za vikao.

Jambo la kuwa macho nalo zaidi ni banio (kizuizi cha kijitoni kinachoingiza maji mferejini) la zege linalojengwa kwa msaada. Banio la mawe na magogo hubomolewa na mafuriko, na wa juu huwahitaji wa chini kulijenga tena. Uhitaji huo ndio unaowapa wa chini sauti kwenye zamu. Elinor Ostrom, mshindi wa Nobeli ya uchumi mwaka 2009, aliliona hilo kwenye mifereji ya Nepal: banio la kudumu likiwekwa, wa juu hawana tena haja ya nguvu za wa chini, na maji huishia juu. Kabla fundi hajaanza, andikeni kwenye sheria ndogo zamu za wa chini na nani atalipia matengenezo, mkutano uzipitishe. Lango lifungwe kwa kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mjumbe wa juu, mwingine kwa mjumbe wa chini.