Kukagua Integra Type R kabla hujatoa hela

Honda Integra yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya ile H nyekundu puani, nembo ya Type R, toleo lenye nguvu zaidi. Miezi miwili baadaye nikaenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta spea za breki. Mzee wa duka akachungulia ndani, akacheka: "Kijana, R gani hii yenye gia tano?"

Kwa hiyo anza kwa kuhesabu gia. DC5, yaani Integra ya Japani ya 2001 hadi 2006, ilitoka kwa matoleo mawili: iS ya kawaida, yenye nguvu za farasi 160, na Type R, yenye nguvu za farasi 220. Usitegemee maandishi: zote mbili ni DC5, na injini zote zimeandikwa K20A. Ila R ina gia sita za mkono, otomatiki haipo. Breki za mbele ni Brembo za pistoni nne, viti ni Recaro. Nembo inanunuliwa dukani, na viti vinahamishika.

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti; ukikuta ya moto, muulize kulikoni. Vuta kijiti cha oili uone kama inatosha. Hapa sitanii, maana VTEC, mfumo unaobadilisha ufunguaji wa vali, inasukumwa na presha ya oili hiyohiyo inayolainisha injini. Kisha washa, redio izimwe, usikilize. Mchakacho wa sekunde chache injini ikiwa baridi unaweza kuonyesha cheni ya taimingi imelegea au tenshona inayoikaza imechoka. (Ni cheni, si mkanda. Anayejisifu kwamba kabadilisha mkanda wa taimingi juzi, ama halijui gari lake ama anakudanganya.)

Usilikimbize likiwa baridi. Zunguka nalo taratibu robo saa nzima. Mimi huchagua Jumapili asubuhi na mapema. Ukipata barabara tupu, weka gia ya pili, kanyaga kuanzia mizunguko 3,000 kwa dakika. Ikikaribia 6,000 mlio lazima ugeuke, mngurumo uwe kilio, na mgongo wako uujue kiti. Usipogeuka, oili imepungua, au solenoidi ya VTEC (vali ya umeme inayoipitishia oili) ina matatizo, au unauziwa iS kama mimi.

Ukiwa bado kwenye mizunguko ya juu, ingiza gia ya tatu. Ugonjwa wa magari haya uko hapa: sinkronaiza ya tatu, yaani kile kinacholinganisha mwendo ili gia iingie laini, huchoka, gia ikakwaruza. Muuzaji atasema ni klachi tu. Simama, injini ikiwa inaunguruma, ingiza rivasi. Klachi isiyoachia vizuri ingekwaruza hata hapo. Rivasi ikiingia laini, na tatu inakwaruza kwenye mizunguko ya juu tu, basi gia boksi itafunguliwa.

Yangu ya pili ilikwaruza. Nilimpigia fundi wangu nikiwa bado nimekalia usukani, akanitajia gharama ya kuifungua, nikaikata kwenye bei ya gari kabla sijashuka.