"Borrow" na "lend": jinsi ya kujua lipi linakaa wapi

Kosa la Kiingereza ninalolisikia mara nyingi zaidi kwa watu tuliokulia kwenye Kiswahili ni hili: "Please borrow me your pen." Nafundisha watu wazima, darasa la jioni, na wengi wao Kiingereza wanakiweza. Wanaandika ripoti ndefu, wanaongoza vikao. Lakini ikikosekana kalamu, "borrow me" inatoka hiyo hapo. Sikubali kabisa wanapoambiwa ni uzembe. Kosa hili lina chanzo, na chanzo chake kimo ndani ya lugha yetu, kwa hiyo tuanzie huko.

Chukua kitenzi kuazima. "Nimeazima kalamu": kalamu imekuja kwangu. "Nimemwazima Asha kalamu": kalamu imeondoka kwangu. Kitenzi ni kilekile, na kilichogeuza safari ya kalamu ni ile -mw- iliyojibanza katikati. Ndivyo ilivyo pia kwa "naomba kuazima" na "naomba uniazime". Kiambishi cha mtu kikiingia, mambo yanageuka, na masikio yetu yamezoea tangu utotoni kukisikia hicho kiambishi na kuelewa papo hapo.

Kiingereza hakina kiambishi cha kupachika ndani ya kitenzi. Kazi hiyo kimeigawa kwa vitenzi viwili: "borrow" ni cha anayepokea, "lend" ni cha anayetoa. Mtu anaposema "borrow me", kichwani mwake amefanya jambo la haki kabisa kwa Kiswahili: amechukua azima, akaongeza "mimi", akapata "niazime". Kwa Kiingereza huo mlango haupo.

Basi kabla ya kufungua mdomo, jiulize swali moja: mtendaji wa sentensi yangu anapokea kitu au anatoa kitu? Usiulize nani mwenye mali, wala nani anayeomba. Uliza kuhusu mtendaji tu, yule anayekaa mbele ya kitenzi. Akipokea, "borrow". Akitoa, "lend".

Mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha ujumbe aliotaka kumtumia bosi wake: "Sir, can you borrow me the projector until Monday? I will also borrow it to Juma." Tuliushughulikia neno kwa neno. Sentensi ya kwanza, mtendaji ni nani? "You," akasema, "yaani bosi." Bosi anapokea projekta au anaitoa? "Anaitoa, mwalimu." Basi ni "can you lend me the projector until Monday?" Nikamwomba aandike wazo hilohilo upya, safari hii yeye mwenyewe awe mtendaji. Akaandika "can I borrow the projector until Monday?" Sentensi zote mbili ni sahihi, ombi ni lilelile, tofauti ni nani amewekwa mbele. Sentensi ya pili akairekebisha bila mimi kusema neno: "I will also lend it to Juma." (Kama ni busara kumwambia bosi kwamba projekta yake itaazimwa mtu wa tatu, hilo nilimwachia aamue mwenyewe.)

Ninapenda zoezi hilo la kuigeuza sentensi moja pande zote mbili kuliko zoezi lolote la kujaza nafasi. Lifanye kwa sauti. "Can I borrow your umbrella? Can you lend me your umbrella?" Rudia kwa simu, kwa ngazi, kwa chaja, kwa kitu chochote kilicho mbele yako, mpaka ulimi uzoee kwamba "can I" inaita "borrow" na "can you" inaita "lend".

Sasa tazama kinachofuata baada ya kitenzi, maana hapo ndipo unapoweza kujikamata mwenyewe katikati ya maneno. Baada ya "borrow" kinakuja kitu: "borrow a ladder", "borrow his phone". Baada ya "lend" mara nyingi anakuja mtu, kisha kitu: "lend me a ladder". Ukijisikia unasema "borrow me", "borrow him", "borrow us", simama hapo hapo, maana karibu kila mara ulitaka "lend". Halafu kuna vihusishi: "borrow" inakwenda na "from", "lend" inakwenda na "to". "I borrowed it from Asha. I lent it to Juma." Sisi tunasema "nimeazima kwa Asha", na hiyo "kwa" yetu inabeba mengi, ndiyo maana wengine huandika "borrow to Asha" au "borrow at Asha". Viweke akilini vikiwa vimeshikana: borrow-from, lend-to.

Kuhusu wakati uliopita, "borrow" haina shida, ni "borrowed". "Lend" inakuwa "lent", na hakuna "lended".

Pesa nazo zina mambo yake. Kiswahili kinatofautisha kuazima na kukopa. Unaazima kitu ukirudishe kilekile. Ukikopa hela, unarudisha nyingine za thamani ileile, si noti zile zile. Na kwenye kukopa tumepata bahati, kwa sababu tuna kukopesha kwa upande wa anayetoa. Kiingereza hakijali kama kitu kitarudi chenyewe: unaweza "borrow" ngazi, na unaweza "borrow" pesa. Hata sukari ya jirani, ambayo itanyweka leo hii, ni "borrow". Kwa hiyo ukikwama, nakushauri uipitishe sentensi yako kwenye kopa na kopesha kwanza, hata kama unazungumzia koti au baiskeli. Kopa ni "borrow", kopesha ni "lend". Njia hii inawasaidia wanafunzi wangu kuliko maelezo yangu yote ya sarufi.

Ina kona moja ya kuangalia, nayo ni dukani. Sisi tunasema "nimekopa sabuni dukani", na kila mtu anaelewa kwamba umechukua bidhaa na utalipa baadaye. Usiseme "I borrowed soap from the shop". Msikilizaji atadhani utairudisha sabuni. Hapo Kiingereza kinasema "I bought it on credit". Vilevile usitumie "borrow" pale unapolipia matumizi: kukodi gari ni "hire" au "rent". Na kitu kisichohama, kama choo cha mwenyeji wako, hakiazimwi kwa Kiingereza, sema "can I use your toilet?"

Halafu kuna "loan". Kama nomino haina utata: ni mkopo, iwe wa benki au wa rafiki. Kama kitenzi, Wamarekani wanaitumia sana badala ya "lend", na si kosa: "he loaned me his car". Uingereza wengi bado wanapendelea "lend". Ushauri wangu kwa anayejiandaa kwa mtihani ni aiweke "loan" kwenye nomino tu, na kitenzi kiwe "lend". Hakuna msahihishaji atakayemkata alama kwa hilo. Mpenzi wa mpira atakuwa ameshakutana na "on loan", mchezaji aliyekwenda klabu nyingine kwa mkopo.

Vitenzi hivi vina maisha nje ya vitu vya kushika pia. Lugha "borrow" maneno, japo hazirudishi: Kiswahili kilichukua "meza" kutoka Kireno na "shule" kutoka Kijerumani, na kwa Kiingereza utasema "Swahili borrowed it from German". Kumsaidia mtu kazi ni "lend a hand". Kumsikiliza mwenye shida ni "lend an ear". Kanuni haibadiliki hapa: anayetoa mkono wake au sikio lake ndiye mtendaji.

Neno la adabu nalo lisisahaulike. Kwetu "naomba" inabeba heshima yote, na "naomba uniazime kalamu" haimkwazi mtu. Ukitafsiri kwa haraka ukapata "lend me your pen", masikioni mwa Mwingereza ni amri. Anza na "could": "could I borrow your pen?" au "could you lend me a pen?"

Ukitaka kujipima, chukua sentensi za koti. "Umeliazima kwa nani hili koti?" Hiyo -li- ni ya koti, si ya mtu, kwa hiyo bado ni upande wa kupokea: "Who did you borrow this coat from?" Sasa "Nani amekuazima hili koti?" Hapo -ku- ni mtu, na mtendaji ametoa: "Who lent you this coat?" Ya mwisho ndiyo ngumu: "Sijaazimwa, nimenunua." Usijaribu "I was not borrowed", maana hapo wewe ndiye utakayekuwa kitu kilichoazimwa. Mtafute mtoaji, hata kama hayupo, umweke mbele: "Nobody lent it to me. I bought it."