Chakula cha haraka cha nyumbani Goma: spageti, sardini na sambaza bila kumaliza makala (makaa)

Pakiti ya spageti imeandikwa dakika 8. Ukizifuata hizo Goma, utatafuna spageti yenye uti mgumu katikati. Pakiti haina kosa, na mbabula yako (jiko la makala) pia haina kosa. Mji huu umekaa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Bukavu ni hivyohivyo. Maji yakishatokota hayapandi joto tena hata ukijaza makala mpaka juu. Makala ya ziada yanatoa mvuke tu.

Kwa hiyo kila kinachochemshwa kiongezee karibu theluthi moja ya muda ulioandikwa, kisha uonje. Kinachokaangwa hakiongezewi kitu: mafuta yanafika nyuzi 170 au 180 hapa sawa na kule Matadi karibu na bahari. Ndiyo sababu chakula cha haraka kweli katika miji yetu ya Kivu ni kile cha kukaanga, au kile kilichokwisha kuiva ndani ya mkebe.

Spageti na sardini

Kwa watu 4 wenye njaa: pakiti moja ya gramu 500, mikebe 2 ya sardini ya mafuta (ile ya gramu 125), vitunguu 2, punje 2 za kitunguu saumu, vijiko 2 vya mezani vya tomati ya mkebe (ile nzito), pilipili unavyopenda. Maji lita 2 yanatosha. Vitabu vingi vinataka lita 5, lakini kuchemsha lita 5 juu ya mbabula ni kuchoma makala bure. Ukitumia maji machache, sharti moja tu: koroga mfululizo dakika 2 za mwanzo, kwa sababu ndipo wanga wa juu unapolainika na nyuzi kushikana.

Kama una mbabula moja, anza na mchuzi. Mchuzi unaweza kungoja dakika 20 ukiwa umefunikwa na usiharibike. Spageti iliyochujwa haingoji, inagandamana. Fungua mkebe, mimina mafuta yake katika sufuria na ukaangie humo vitunguu vilivyokatwa vyembamba. Yale mafuta yana ladha yote ya samaki, usiyamwage. Vitunguu vikianza kuwa vya kahawia kwenye kingo, tia kitunguu saumu, koroga nusu dakika, halafu tomati.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Tomati ya mkebe ikitiwa maji mara moja inabaki na uchachu mbichi, na hakuna sukari itakayouficha. Ikaange kwanza dakika 2 au 3, ukikwangua chini bila kuacha, mpaka rangi ikolee na mafuta yajitenge pembeni. Ina sukari nyingi ya nyanya, kwa hiyo makala mapya yenye ndimi za moto yataiunguza upesi. Ukiona inashika chini, inua sufuria, koroga hewani, rudisha. Ikishakaangika vizuri, ongeza nusu kikombe cha maji, acha itokote dakika 3, onja chumvi. Sardini yenyewe ina chumvi, na ukitia kiubi (kidonge) cha supu, usitie chumvi nyingine.

Samaki wanaingia mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshatoka motoni. Waliiva kiwandani ndani ya mkebe. Ukiwachemsha tena wanasambaratika na kuwa uji wenye mifupa. Wavunje vipande vikubwa, funika.

Sasa chemsha maji na vijiko vidogo 2 vya chumvi, tia spageti, koroga, na uanze kuonja kwenye dakika ya 10. Kabla ya kuchuja, chota kikombe kimoja cha maji yake. Changanya spageti na mchuzi, ukiongeza maji hayo kidogokidogo: wanga uliomo unaushikisha mchuzi kwenye nyuzi badala ya kuuacha chini ya sahani. Usisuuze spageti kwa maji baridi, utauosha wanga huohuo.

Kama sardini yako ni ya tomati, tumia vijiko 2 vya mafuta mengine na upunguze tomati iwe kijiko kimoja. Mkebe uliovimba, unaovuja, au uliobonyea pale kwenye mshono, tupa bila kuuonja. Sumu ya botulizimu haina harufu wala ladha ya kukuonya. Na mkebe usiofunguliwa usiuweke juu ya makala, unaweza kupasuka.

Sambaza mbichi

Samaki hawa wadogo waliletwa ziwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna kitoweo kinachowahi mezani kuliko wao. Wavuvi wanavua usiku kwa taa, kwa hiyo nunua asubuhi. Angalia tumbo: likiwa zima na la kung'aa, chukua, likiwa limepasuka, samaki amekaa juani, na uchungu wa matumbo umeshaingia kwenye nyama.

Nusu kilo inatosha watu 3 pamoja na bugali (ugali). Osha mara mbili kwa maji safi, tandaza kwenye chujio dakika 10, kisha kausha kwa kitambaa. Hatua hii usiiruke: maji yakibaki, mafuta yatarukia mikono yako na unga utageuka ugundi. Wadogo wakaange wazima. Wakubwa kuliko kidole cha kati, watoe matumbo kwa kuminya nyuma ya kichwa. Nyunyiza kijiko kidogo cha chumvi na vijiko 3 vya mezani vya unga wa ngano au wa mahindi, changanya, pepeta unga unaozidi.

Mafuta yawe na kina cha vidole viwili. Chovya ncha ya mwiko mkavu: mapovu madogo yakitoka haraka kuuzunguka, moto umefika. Tia konzi moja tu, dakika 3 hadi 4. Ukimwaga nusu kilo yote kwa pamoja, mafuta yanapoa ghafla, samaki wanachemka ndani ya mafuta na wanatoka laini, wamenyonya mafuta. Acha mafuta yapate moto tena kabla ya konzi inayofuata. Wakitoka, watandaze, usiwafunike. Mvuke wao wenyewe unawalegeza. Ndimu inakamuliwa mezani, si kabla.

Sambaza kavu ni akiba nzuri ya kabati, lakini zina mchanga. Zikaange bila mafuta dakika 3, zipepete, kisha zioshe kwa maji ya vuguvugu mara 2 kabla ya kuzitia kwenye sombe (majani ya muhogo) au lengalenga (mchicha).

Mayai, tambi za pakiti, maharagi

Yai gumu: dakika 12 au 13 tangu maji yatokote, kisha kwenye maji baridi. Tambi za pakiti zilizoandikwa dakika 3 zipe 4, ukiwa umefunika, na uvunjie yai ndani ya dakika 2 za mwisho. Kipakiti cha viungo ni chumvi kwa sehemu kubwa, nusu yake inatosha.

Maharagi si chakula cha haraka siku ya kuyapika, ila ni cha haraka kesho yake. Loweka nusu kilo jioni, mwaga maji hayo asubuhi, chemsha kwa maji mapya saa moja na nusu hadi mbili. Tomati na ndimu zingoje mpaka yalainike, kwa kuwa uchachu unaifanya ngozi yake ibaki ngumu. Wanaojaribu kuyamalizia ndani ya termosi ili kuokoa makala wajihadhari: maharagi mekundu yasiyoiva yana lektini, sumu ya asili inayoleta kutapika, na joto la termosi haliiharibu. Yatokote kweli, tena kwa nguvu, angalau nusu saa kabla ya kufikiria njia nyingine. Ukiwa na sufuria ya presha, hiyo ndiyo dawa ya mwinuko wetu. Ndani yake maji yanapita nyuzi 110.

Kama huna frigo (friji), maharagi yaliyoiva yatokoteshe tena dakika 10 jioni na asubuhi, usiingize kijiko kilicholiwa, na yaishe kesho yake. Wakati wa kula ni kitunguu kimoja kukaangwa, vikombe 2 vya maharagi na mchuzi wake, dakika 10, na birayi (viazi) zilizobaki za mchana.

Mkate na fromaji (jibini) ya Masisi

Hii inafanyika kwenye makaa yanayokufa baada ya kupika kitu kingine. Kata mkate unene wa sentimita moja, weka kikaangoni bila mafuta, upande mmoja ukauke. Geuza, pandisha vipande vyembamba vya fromaji na duara za nyanya, funika dakika 4. Moto mkali unaikamua fromaji: mafuta yanatoka pembeni na kinachobaki kinavutika kama mpira. Ukinunua duara zima, lifunge kwa kitambaa kikavu, si mfuko wa plastiki, kwa sababu jasho linaleta ukungu. Ukungu ukitokea juu, kata sehemu hiyo pamoja na sentimita 2 na nusu kuizunguka na kwenda chini, bila kupitisha kisu ndani ya ukungu wenyewe. Iliyobaki ni salama kula.