Kufunga pikipiki kwenye pikapu: kazi iko kwenye usukani

Pikipiki ikianguka ndani ya pikapu kati ya Nakuru na Kisumu, mara nyingi mkanda haukukatika. Ulilegea tu. Gari linagonga tuta, shoki za mbele za pikipiki zinabonyea, mkanda unapoteza mvuto kwa nukta moja, ndoano inachomoka. Ukifika Mau Summit boda imelalia ubavu, mkono wa klachi umevunjika na petroli inachuruzika. Jinsi ya kuuzuia ulegevu huo wa nukta moja ndiyo habari yote iliyo hapa chini.

Tafuta mikanda minne ya racheti (kifaa cha meno cha kukazia) yenye upana wa milimita 25 na vitanzi vinne laini vya mkanda, kila kimoja sentimita 40 hivi. Boda ya cc 150 ina uzito wa karibu kilo 120, kwa hiyo mkanda wenye lebo ya LC 250 daN (LC ni uwezo wa mkanda kuhimili mvuto) unatosha. DaN moja ni sawa na mvuto wa kilo moja hivi. Mkanda usio na lebo uache dukani. Chagua poliesta badala ya nailoni, kwa sababu nailoni hunyooka ikilowa, na mvua ya alasiri ya Kericho haikuulizi. Kamba ya manila haifai kwa kazi hii: fundo lake huteleza, na huwezi kulikaza ukiwa barabarani. Blada, yaani mikanda ya mpira wa tyubu, nazo zisishike pikipiki hata kidogo, zinavutika mno, ila beba vipande kadhaa. Vina kazi yake.

Kupandisha ni kwa ubao wa inchi 2 kwa 10, futi 8, usio na vifundo vikubwa, uliofungwa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu usiteleze. Watu watatu: mmoja usukani, mmoja keria, mmoja ubavuni. Asipande mtu juu yake akiiendesha, hata kama ni hodari. Kabla ya hapo ng'oa mwavuli, kwa maana upepo wa Mau Summit utauchana na kuitikisa pikipiki nzima. Ondoa vioo pia, na funga koki ya petroli.

Simamisha pikipiki katikati ya bodi, tairi la mbele likigusa ukuta wa mbele, usukani ukiwa umenyooka. Ingiza gia ya kwanza. Stendi ya pembeni ikunjwe, na hapa wengi hukosea wakidhani inasaidia. Ukikaza mikanda pikipiki inashuka, stendi iliyo chini inaisukuma upande mmoja, na kila tuta linapinda kipande cha fremu kinachoishika. Itasimama kwa mikanda peke yake. Hadi hapo mtu mmoja aishike wima.

Sasa usukani. Bomba lake kwa boda nyingi lina kipenyo cha milimita 22, na si chuma kinene. Ukifunga kwenye ncha karibu na mishikio, unalipinda bomba, au unalizungusha ndani ya klampu yake, na mwenye pikipiki atagundua akishaanza kuendesha na usukani umekaa upande. Upande wa kulia kuna tatizo lingine: mkanda hukandamiza mshikio wa mafuta na kubana mkono wa breki. Ile mikanda maalumu yenye mifuko miwili inayovalishwa kwenye mishikio ina kasoro hiyo hiyo; inafaa pikipiki kubwa zenye usukani imara, kwa boda tusiipendekeze.

Pitisha kitanzi laini kwenye usukani karibu na klampu ya katikati, vidole vinne tu kutoka kwenye bolti, kimoja kila upande. Afadhali zaidi, kama mkono unafika, kizungushe kwenye kile chuma cha chini kinachoshika shoki zote mbili. Hakipindi wala hakizunguki. Hakikisha kitanzi hakikupita juu ya waya wa klachi, waya wa mafuta wala paipu ya breki. Vuta taratibu uone kinachobanwa. Ndoano ya racheti iingie kwenye kitanzi, kamwe isiguse bomba lenyewe.

Ncha ya pili inakwenda chini na mbele, kwenye pete za kona za mbele za bodi, kwa mlalo wa nyuzi 45 hivi. Mkanda ulioshuka wima hauzuii pikipiki kurudi nyuma. Kwenye lori lenye bodi ya mbao, ndoano ikamate chuma cha chini. Ukingo wa mbao hung'oka. Pale mkanda unapopita juu ya ukingo mkali, weka kipande cha tairi kuukuu.

Vuta ulegevu wote kwa mkono kwanza, ndipo uanze racheti, mkanda uzunguke kigogo chake mara mbili hadi tatu tu. Ukizidi unajisonga na racheti haitafunguka Kisumu. Kaza kushoto mara mbili, kulia mara mbili, ukirudia, na mtu asimame mbele akiangalia kama pikipiki imesimama wima. Pima kwa futi kutoka ekseli ya tairi la mbele hadi usukani kabla ya kukaza. Simama urefu ukipungua kwa sentimita 4 hadi 5. Shoki zikibonyea nusu zina nafasi ya kushuka kwenye tuta na bado kuvuta mkanda. Ukizibonyeza hadi mwisho, kila mtikisiko unakwenda kwenye sili za mafuta, na kesho yake shoki zinavuja.

Nyuma hakuna ugumu. Mikanda miwili kutoka kwenye fremu, karibu na vikanyagio vya abiria, ikivuta pembeni na nyuma kidogo, kwa mvuto wa wastani. Usiamini keria: nyingi zimechomelewa mtaani. Usipitishe mkanda juu ya kiti pia, kwa kuwa sponji hubonyea na mkanda unalegea.

Hapo blada zinapata kazi. Zungushia kila ndoano iliyo wazi kwa blada ili isichomoke, na funga mkono wa breki ya mbele dhidi ya mshikio. Mikia ya mikanda ikunje uifunge. Ikipeperuka hukatika au huingia kwenye tairi la gari. Mkanda unaovuma upepo ukipiga, usokote mara moja, utatulia.

Tikisa usukani: pikipiki na pikapu vitikisike pamoja. Ukitoka Nakuru, simama njiapanda ya Njoro ukaze tena, kwani vitanzi na mikanda hukaa sawa katika kilomita za kwanza. Simama tena baada ya matuta ya Salgaa, kisha Kericho.

Ukifika, legeza ya nyuma kwanza. Ya mbele ifunguliwe mtu akiwa ameshika usukani na stendi ikiwa imeshateremshwa, kwa sababu shoki hupanda ghafla racheti ikiachia, na kidole kilicho karibu na mpini kitaumia.