Redio ya ndani kwa wabanguaji wa korosho: namna ya kuianzisha kiwandani

Mbanguaji hashiki simu akiwa kazini. Mikono imejaa mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayounguza ngozi, na tangazo la ubaoni atalipita mbio akiwahi bodaboda. Masikio tu ndiyo hayana kazi zamu nzima. Kwa viwanda vya huku Mtwara, mimi huanza hivi.

1. Funga spika za waya. Unahitaji amplifaya, spika na simu ya kurekodia. Usishawishike na kimtambo cha FM: kurusha matangazo kwa masafa kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Uwanja wa kuanikia upate spika ya honi. Chumba cha kumenya na kupanga madaraja kipate spika ndogo nyingi, sauti ya chini. Spika moja kubwa huwapigia kelele walio karibu na walio mbali hawaambulii kitu. Kwenye boila usijisumbue, wafuate walio huko wakati wa chai.

2. Rekodi stoo, katikati ya magunia. Magunia humeza mwangwi. Simu ikae shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, pumzi isipige maiki.

3. Dakika tano zinatosha. Tanguliza kinachogusa mfuko:

"Habari za asubuhi. Malipo ni Ijumaa, saa nane mchana. Narudia: Ijumaa, saa nane mchana. Kilo zako ziko kwenye daftari la msimamizi, zihakiki leo kabla hujatoka. Meza ya madaraja, W240 zimeonekana ndani ya W320, tutenganishe." (Hayo ni madaraja ya korosho kwa ukubwa.)

Meneja akitaka kuhutubia, mpe nusu dakika. Atanuna, atazoea.

4. Mtangazaji awe mbanguaji mwenzao. Apite na simu wakati wa mapumziko akusanye maswali. Swali la Kimakonde lirushwe kwa Kimakonde. Likiwa la lawama, mtangazaji alisome mwenyewe bila jina, maana sauti ya aliyeuliza hutambulika. Jibu litoke kesho yake, hata kama ni "bado tunafuatilia". Maswali yakikaa wiki bila majibu, hakuna atakayeuliza tena.

5. Rusha zamu inapoanza, rudia baada ya chakula. Nyimbo za wasanii zina hakimiliki, kwa hiyo tafuta kibali kwanza. Tahadhari ya moto ibaki kwa king'ora.

6. Pima. Matangazo yakiisha, uliza watu watatu wa meza tofauti: malipo lini, saa ngapi? Wakipishana, rekodi upya kabla ya marudio ya mchana.