SOMO: Jinsi ya kufuatilia asili ya jina la ukoo la Kiireland (mfano: Kearney)

Wakuu, upande wa Kogelo wa Barack Obama kila mtu anaujua. Upande wa mama yake hauzungumzwi sana, na humo ndimo lilimo jina la Kearney, lililotoka Moneygall, kijiji kidogo cha kaunti ya Offaly, Ireland. Nimelichagua kwa sababu karibu kila mtego wa majina ya Ireland umo ndani yake.

Hatua ya 1: Lirudishe jina kwenye Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland

Majina ya ukoo ya Ireland ni ya kale. Yalishaanza karne ya 10, wakati sehemu kubwa ya Ulaya mtu bado anaitwa jina lake moja basi. *Mac* ni mwana wa, sawa na *bin*. *Ó* ni mjukuu, au yeyote wa uzao wa mtu huyo. Akina O'Brien, kwa mfano, wanahesabu ukoo wao kwa Brian Boru, mfalme aliyeuawa kwenye vita vya Clontarf mwaka 1014.

Utawala wa Kiingereza ulipokaza kamba, majina yakaandikwa kama masikio ya makarani yalivyoyasikia, na Ó na Mac nyingi zikadondoka. Ndiyo maana Kearney, Carney na O'Kearney anaweza kuwa mtu yuleyule kwenye karatasi tatu. Tafuta kwa tahajia zote.

Hatua ya 2: Usidhani jina moja ni ukoo mmoja

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kearney imefunika majina mawili tofauti ya Kigaeli. La kwanza ni Ó Catharnaigh, waliokuwa watawala wa Teffia, maeneo ya Westmeath na Offaly ya leo. La pili ni Ó Cearnaigh, na hili nalo lina vituo viwili: Mayo huko magharibi, na Clare hadi Tipperary kusini. Kwenye Kiingereza wote wakawa Kearney.

Kuna kituko zaidi. Mkuu mmoja wa Ó Catharnaigh alibandikwa lakabu ya An Sionnach, yaani Mbweha. Lakabu ikageuka jina, na kizazi chake leo kinaitwa Fox. Kwa hiyo Bwana Fox wa Offaly anaweza kuwa ndugu wa Kearney wa hapo jirani, wakati Kearney huyohuyo hana undugu wowote na Kearney wa Mayo!

Moneygall yenyewe iko mpakani mwa Offaly na Tipperary, hivyo jina peke yake haliamui chochote. Mimi vile vitabu vya "maana ya jina lako" vinavyouzwa kwa watalii sivitegemei.

Hatua ya 3: Pata parokia na dini

Kaunti haitoshi. Unahitaji parokia, na ikiwezekana kitongoji. Dini nayo ni lazima, maana rejista za Wakatoliki na za Kanisa la Ireland (Waanglikana) zilihifadhiwa mbalimbali.

Hatua ya 4: Rudi nyuma, nyaraka kwa nyaraka

Anza na sensa za 1901 na 1911, zipo bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland. Ukirudi nyuma zaidi utakuta shimo: Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Dublin, jengo la kumbukumbu za serikali pale Four Courts liliteketea, likaondoka na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851 pamoja na rejista nyingi za Kianglikana. Sensa za 1861 hadi 1891 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe.

Shimo hilo huzibwa na orodha za kodi: Griffith's Valuation (1847–1864), na kabla yake vitabu vya zaka vya 1823–1837. Humo utapata mkuu wa kaya na ardhi aliyoishikilia, si watoto wake. Vizazi, vifo na ndoa za watu wote viliandikishwa na serikali kuanzia 1864. Kwa Wakatoliki, Maktaba ya Taifa imeweka picha za rejista za parokia mtandaoni bure.

Kwa Kearney bahati ilikuwa hii: rejista za Kianglikana za Templeharry, jirani na Moneygall, hazikuteketea. Mwaka 2007 kasisi Stephen Neill alizipekua, akawakuta akina Kearney. Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, alifika New York mwaka 1850, katikati ya njaa ya viazi. Binti yake Mary Ann aliolewa na Dunham. Hesabu kutoka kwa Falmouth: mjukuu Ralph, kitukuu Stanley, kilembwe Ann, kining'ina Barack.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, O ya Odinga na Otieno ina uhusiano na O' ya O'Brien?*

Hapana, zimegongana tu. Ya Kijaluo ni kiambishi cha majina ya kiume, mwenzake wa kike ni A: Otieno, Atieno.

*Binti naye anaitwa Ó?*

Kwa Kigaeli, hapana. Binti wa Ó Cearnaigh ni Ní Chearnaigh, mke wake ni Uí Chearnaigh. Kwenye nyaraka za Kiingereza wote ni Kearney.

*Obama akipima DNA si itaonyesha yeye ni Kearney wa wapi?*

Kipimo cha kufuata jina hutumia kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kwa Obama mstari huo unaenda Kogelo. Kwa Falmouth umepita kwa Mary Ann na Ann, umekatika mara mbili. Itabidi apimwe Kearney mwanamume wa Moneygall.

*Nimeona duka linauza nembo ya ukoo wa Kearney, ninunue?*

Pambo zuri la ukutani. Ila kisheria nembo hupewa mtu na kizazi chake, si kila mwenye jina.

*Mume wangu ni Murphy, babu zake walihamia Boston. Nianzie wapi?*

Dada, Murphy ndilo jina lililoenea kuliko yote Ireland, kwa hiyo usianzie Ireland kabisa. Anzia Marekani: cheti cha kifo, fomu za uraia, jiwe la kaburi, rejista ya ndoa ya kanisani. Mara nyingi moja kati ya hizo hutaja kaunti au parokia. Ukiipata ilete hapa, tutaanza na Griffith.