Mabeseni mawili ya viluwiluwi: namna ya kuwaonyesha watoto homoni ikipiga kazi

Mtoto akikuuliza homoni ni nini (ni kemikali ya mwili inayobeba ujumbe kwenye damu) usihangaike na michoro, subiri mvua inyeshe mkachote viluwiluwi wa chura dimbwini. Tafuta mabeseni mawili, rula, na viluwiluwi kama 20 wa dimbwi moja, saizi moja, ambao hawajaota miguu. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini itoke, la sivyo utaamka wote wanaelea, mimi yalinikuta. Chakula ni mchicha wa kuchemsha, kidogo tu, ukibaki maji yananuka.

Gawa 10 kwa 10. Beseni la kwanza lijae muda wote, la pili punguza maji kidogo kila baada ya siku mbili tatu kama dimbwi linalokauka, ila yasiishe jamani.

Sasa angalieni. Miguu ya nyuma ndo inatangulia, afu ya mbele, mkia mwisho kabisa, na anayeendesha yote hayo ni homoni ya tezi ya thairoidi, ile ile ya shingoni kwetu inayovimba mtu akikosa madini joto. Inasambaa na damu mwili mzima, homoni moja, lakini mguu ukiipata unakua, mkia ukiipata unayeyuka, na utumbo mrefu wa kula majani unafupika maana chura anakula wadudu. Mguu unaitikia homoni ikiwa bado kidogo, mkia unasubiri ipande sana, ndo maana hapotezi mkia kabla ya kupata miguu, si angezama?

Miguu ya mbele ikitoka acha kumlisha, mdomo na utumbo viko matengenezoni na anaishi kwa kuufyonza mkia wake mwenyewe. Weka jiwe apande avute hewa.

Beseni la pili, kwa aina nyingi za vyura, watawahi kugeuka ila watakuwa wadogo, pimeni kwa rula. Maji yakipungua homoni ya stresi inapanda na kuisukuma ile ya thairoidi, kwa hiyo mwili unafunga hesabu kabla haujanenepa. Mwanasayansi Gudernatsch mwaka 1912 aliwalisha viluwiluwi nyama ya tezi hiyo wakageuka chapchap, vyura wadogo mno. Na kiluwiluwi akitolewa tezi hageuki, anazidi tu kuwa jibonge la kiluwiluwi.

Mkimaliza warudisheni dimbwi lile lile, jioni jua likipoa, na watoto wanawe mikono.